Nyuki Katika Kofia ya Baba Mkwe

Tangu Wegesa aolewe kutoka Nyamisangura, kule Tarime, akaletwa huku upande wa Manchira, alikuwa hajawahi kumtazama baba mkwe wake machoni. Si kwamba waligombana. Ndivyo heshima ya mkwe ilivyo: mzee akitokea mlango huu, mkamwana anatafuta ule, mzee akikaa barazani, mkamwana anazunguka nyuma ya ghala, na jina la mzee halitamki hata homa ikimpanda. Sisi tusio wakamwana wa boma lile tunaweza kulitaja bila woga. Aliitwa Mzee Kisyeri.

Kwa hiyo Wegesa alimjua mzee kwa vipande vipande. Alijua mlio wa katambuga zake za matairi. Alijua kikohozi chake, ambacho hakikuwa cha ugonjwa bali cha kupiga hodi. Mzee alikitoa kila alipokaribia jikoni ili mwenzake apate nafasi ya kupotea. Zaidi ya vyote aliijua kofia yake, pama la kijivu lenye ukingo mpana, ambalo mzee hakulivua kwa jua, kwa mvua, wala kwa mkutano wa kijiji. Uso wenyewe uliokaa chini ya kofia hiyo aliuona kwa mbali tu, kama unavyouona mlima ambao huna safari ya kuupanda.

Heshima ya namna hiyo ina faida, maana watu wasiosemeshana hawatukanani. Taabu yake huja siku mmoja anapokuwa na neno kwa mwenzake. Na Wegesa alikuwa na neno. Lilihusu shamba la bondeni.

Shamba hilo alipewa alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Kilikuwa kipande cha mwisho kabla ya pori, udongo mweusi wa kushika maji, na ndicho kitu pekee pale bomani alichoweza kusema ni changu bila mtu kukohoa. Alipanda mtama, na mtama ulimkubali. Ila uliwapendeza na wengine. Tembo walikuwa wakitoka hifadhini jioni, wakishuka kunywa maji bwawani, na njia yao ilipita pale pale. Mkubwa wao, dume mwenye pembe moja iliyovunjika, watu walimwita Mwenyekiti, kwa sababu alifika amechelewa, akasimama katikati, akaanza kwa kula.

Misimu miwili mfululizo Mwenyekiti alivuna kabla ya mwenye shamba. Watu walipiga madebe, wakawasha matairi, na wapo vijana waliotaka kuyamaliza maneno kwa mkuki. Mzee Kisyeri hakuwa mtu wa mikuki. Alikwisha kuona tembo aliyechomwa anavyorudi, na harudi kuomba msamaha. Uamuzi wake ulikuwa mwingine. Alisema mbegu haziwezi kutupwa bondeni kila mwaka kama sadaka. Kama safari hii hakuna kitu cha kuwazuia wale wanyama, lile shamba linakuwa malisho ya ng'ombe, na maneno yameisha.

Wegesa hangeweza kwenda kumwomba. Neno lake ilibidi libebwe na mama mkwe, Scholastica, mwanamke mwema sana ambaye hakuwahi kufikisha ujumbe bila kuukaanga kwanza. Wegesa akisema naomba msimu mmoja tu, kwa mzee ulifika kwamba mkamwana wako anasema ukigusa shamba lake anarudi kwao Tarime. Mzee akijibu kwamba atafikiri, kwa Wegesa ulirudi kwamba baba yenu amekasirika, hata chai hakumaliza. Hivyo wawili hao, ambao hawakuwa na ugomvi, wakawa na ugomvi mkubwa uliokuwa unaishi kwa Scholastica peke yake, naye akiulisha vizuri.

Ndipo akaja Felix. Alikuwa kijana wa mradi mmoja wa uhifadhi, mwenye pikipiki iliyojaa vumbi na sauti ya upole. Aliwakusanya akina mama wa kitongoji akawaambia kwamba tembo, na ukubwa wake wote, anamwogopa nyuki, maana nyuki humwingia puani na kumuuma pembeni mwa macho. Mizinga ikining'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akigusa waya mizinga inayumba, nyuki wanatoka, tembo anaondoka bila mtu kuumia wala tembo kuumia. Agness, jirani wa Wegesa, ambaye mdomo wake haukujua likizo, aliuliza kama basi simba nao watatundikiwa kuku ili wakimbie.

Walicheka, lakini mizinga waliichukua. Ikatundikwa bondeni kwa Wegesa kwa sababu ndiko tembo walikoanzia. Wegesa akafundishwa kazi, akaachiwa vazi moja jeupe lenye wavu wa usoni, glavu, na bomba la moshi. Akaachiwa pia kopo lenye donge la nta iliyosagwa pamoja na mchaichai. Hiyo nta, Felix alisisitiza, ndiyo ya kupaka ndani ya mizinga. Nyuki anayetafuta nyumba akisikia harufu yake anajua hapa nyuki wenzangu walipata raha.

Siku ya kupaka ilipofika, kopo lilikuwepo pale upenuni lilipotundikwa, lakini ndani hamkuwa na kitu. Wegesa aliwauliza wote. Agness alisema kuku. Scholastica alisema Agness. Mumewe Wegesa, Thadeo, aliyekuwa anaendesha bodaboda Mugumu na kurudi siku za mapumziko tu, alisema kwenye simu kwamba labda iliyeyuka kwa jua. Hakuna aliyemuuliza mzee, na nani angemuuliza? Wegesa akasugua mizinga kwa majani matupu ya mchaichai. Agness naye, kwa kutaka kusaidia, aliiosha miwili kwa sabuni ya unga ili wageni wakute pasafi, na mpaka leo hapendi kukumbushwa.

Mizinga ikakaa mitupu. Mijusi waliingia, buibui waliingia, nyuki hawakuingia. Mtama ulikuwa umefika magotini Felix aliporudi, akazunguka, akagonga mzinga mmoja mmoja kama daktari anayesikiliza kifua. Alieleza kwa aibu kwamba ng'ambo ya bwawa kuna kijiji kinachoililia mizinga, na kwamba kama mpaka Jumatatu hakuna hata mmoja wenye nyuki, itabidi aihamishe. Wegesa aliitikia tu. Aliporudi nyumbani alimkuta mzee amesimama mbali kwenye ukingo wa bonde, kofia yake imeelekea shambani, fimbo ikionyesha hapa na pale, kama mtu anayepanga ng'ombe wake watasimama wapi.

Jumamosi alasiri Mzee Kisyeri alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya zizi. Wegesa na Agness walikuwa nyuma ya ghala wakipepeta ulezi, Scholastica akiwaongoza kwa mdomo. Sauti ikaja kutoka upande wa kilima. Mwanzo ilikuwa kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Kisha mashine ikawa inatembea. Wegesa akainuka. Wingu la kahawia lilishuka likapita juu ya mizinga ya bondeni, likazunguka kidogo, na moyo wa Wegesa ukazunguka nalo. Halafu likaiacha mizinga. Likapanda mteremko, likavuka ua, likapita juu ya ng'ombe ambao hawakushughulika, likatua juu ya kofia ya baba mkwe.

Walitua wote. Kofia ikanenepa. Ukingo wa mbele ukaota ndevu zilizokuwa zinatembea zenyewe. Chini ya hayo yote Mzee Kisyeri alikaa wima, mikono magotini, hapepesi, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Wegesa alimpigia Felix. Felix alikuwa ng'ambo ya bwawa, pikipiki ina pancha, asingefika kabla ya jua kuzama. Lakini alisema vizuri na polepole: nyuki wanaohama wameshiba, hawana nyumba ya kulinda, hawaumi mtu asiyewachokoza. Mzee asitikisike. Aliyefundishwa avae vazi, apulize moshi kidogo, aishike kofia kwa mikono miwili, aikung'utie ndani ya mzinga. Malkia akiingia, wote wanaingia. Watu wakichelewa, nyuki wanaruka na kwenda zao, na hawaagi.

Wegesa alikata simu akabaki ameishika. Nyuki aliowaomba kwa majani, kwa maombi na kwa subira walikuwa pale, hatua chache tu kutoka kwake, na walikuwa wamekaa mahali pekee duniani ambapo mkono wake haukuruhusiwa kufika.

Alianza kwa njia waliyoizoea. Alimnong'oneza Scholastica amwambie mzee asitikisike. Scholastica akatoa kichwa pembeni mwa ghala akamtangazia mumewe kwamba akitikisika tu amekufa.

Mzee akajibu kwa pembe ya mdomo kwamba kwani anaonekana anacheza ngoma.

Wakatafuta nani avae vazi. Scholastica alisema ameishi na mzee yule miaka mingi na anampenda, lakini siyo kwa kiwango hicho. Agness alijaribu, mguu mmoja uliingia, mwili uliobaki ukakataa, na zipu ikatoa sauti ambayo iliwafanya waache. Alibaki aliyefundishwa. Scholastica alitikisa kichwa. Mkamwana kumsogelea mzee ni jambo, kumgusa ni jambo kubwa, lakini kumshika kichwa na kumvua kofia mbele ya watu? Alisema hata kondoo wa kutakasa kosa hilo hajazaliwa.

Wegesa hakubishana. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza, na alipotazama aliona ndevu za kofia zimeanza kulegea, nyuki mmoja mmoja wanaruka na kurudi, kama watu wanaofunga mizigo. Akaingia nyumbani kwake. Alivua bangili mkononi, kwa sababu mlio wake unajulikana boma zima. Alivua kandambili akavaa buti za mumewe. Kanga akaibana ndani isichungulie. Kisha akavuta vazi lile jeupe, akafunga wavu, akavaa glavu, na kilichotoka mlangoni hakikuwa mwanamke wala mwanamume, hakikuwa kijana wala mzee. Kilikuwa nguo inayotembea, imeshika bomba la moshi.

Agness, ambaye alikuwa ameisukuma zipu ile kwa mkono wake mwenyewe, alimgeukia Scholastica akamuuliza huyo nani.

Nguo ikatembea mpaka katikati ya ua ikasimama. Wegesa akatega sikio. Kama mzee angekohoa, kile kikohozi chake cha kufukuza, angegeuka akimbie, nyuki waende, mizinga iende, bonde liwe la ng'ombe, na kesho yake aanze kutafutwa huyo kondoo ambaye hajazaliwa.

Mzee Kisyeri alizungusha macho polepole, kichwa akikiacha mahali pake. Alizitazama buti. Alilitazama vazi. Aliutazama wavu kwa muda mrefu.

"Karibu, mgeni," alisema, midomo tu ikitembea. "Umetoka mbali?"

Wavu ukainama kukubali.

"Ndiyo, unaonekana umetoka mbali. Huku kwetu hatuna watu wa namna yako. Ungekuta watu wa hapa ningekutambulisha, ila wote wako nyuma ya ghala. Mvua huko kwenu zimenyesha?"

Wavu ukainama tena. Mzee akaendelea na salamu, moja baada ya nyingine, habari za mifugo, habari za wagonjwa, bila haraka, jinsi mgeni anavyostahili, huku nyuki wakimtembea kwenye nyusi. Kila alipouliza, mgeni alikuwa amesogea. Salamu zilipokwisha, alikuwa amefika.

Wegesa akapuliza moshi kidogo. Akaiweka mikono yake miwili kwenye ukingo wa kofia, akainyanyua taratibu kama anavyonyanyua chungu kilichojaa. Ilikuwa nzito, na ilikuwa na joto. Na ilikuwa inanukia. Harufu ilipenya wavu, ikaingia puani, ikamsimamisha pale pale: nta iliyosagwa pamoja na mchaichai. Kofia yote ilikuwa imepakwa, juu, chini, kwenye mishono, kwa ustadi wa mtu aliyechoka kunyeshewa.

Aliinamisha macho. Macho ya baba mkwe yalikuwa pale chini, karibu, nayo yanamtazama. Yalikuwa madogo kuliko alivyodhani, yenye mikunjo ya kicheko pembeni. Walitazamana kupitia wavu, na aliyeshusha macho wa kwanza alikuwa mzee.

"Ya zamani hiyo," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Ilikuwa inavuja."

Mgeni aliichukua kofia akashuka nayo bondeni, hatua kwa hatua, nyuki wengine wakimfuata kama watoto wanaomfuata mama yao sokoni. Akafungua mfuniko wa mzinga wa kwanza, akaikung'uta kofia mara moja, kwa nguvu. Nyuki wakamwagika ndani kama ulezi. Akafunika, akaiweka kofia juu ya mzinga ili waliobaki wasipotee, akasimama kando. Baada ya muda waliokuwa nje walijipanga mlangoni, mikia juu, wakipepea mabawa, wakiwaita wenzao. Wegesa alikuwa amefundishwa maana yake. Malkia ameingia. Alicheka ndani ya wavu, peke yake, mpaka wavu ukaloa.

Alipopanda tena uani, mzee alikuwa bado kwenye kigoda, kichwa wazi. Kilikuwa na upara mdogo katikati, mviringo, safi, ambao mkamwana yeyote angekufa kwa kuuona. Mgeni aliuona vizuri tu. Scholastica na Agness walikwisha kutoka nyuma ya ghala, ujasiri wao ukiwa umerudi baada ya nyuki kuondoka.

"Mgeni aliyefanya kazi haondoki mikono mitupu," Mzee Kisyeri alisema. "Sema unachotaka."

Hapo palikuwa pagumu, kwa sababu vazi lilificha uso lakini sauti lisingeificha. Wegesa akanyoosha glavu nyeupe kuelekea bondeni, kwenye mtama. Akashika jembe lisilokuwepo, akalima hewani mara mbili tatu. Akasubiri.

Scholastica aliona kazi yake imefika. Akajisogeza mbele akaanza kueleza kwamba mgeni anasema shamba lote anataka liandikwe jina lake, na ng'ombe waondolewe leo leo, la sivyo...

"Wewe, nyamaza," mzee alisema. "Leo ujumbe nimeupata mwenyewe."

Akamgeukia mgeni. Alisema lile shamba si lake kuligawa, maana alikwisha kumpa mkamwana wake, mtu mkimya ambaye ni taabu kumwona, na mgeni akipishana naye njiani amwambie apalilie kwa amani. Ng'ombe watakula kwingine. Halafu akashusha sauti.

"Na ile habari ya kofia. Wewe ni mtu wa mbali, mgeni. Habari unazoziona kwa watu, nenda nazo mbali."

Wavu ukainama kwa mara ya mwisho.

Jumatatu Felix alikuta mzinga mmoja unavuma. Akaweka sikio, akatabasamu kama amesikia jina lake likiitwa. Mizinga ilibaki. Aliuliza nani alifanya kazi ile nzuri, akajibiwa na watu watatu kwa pamoja kwamba alikuwa mgeni. Alimtazama Wegesa aliyekuwa anachambua mchicha kwa bidii isiyo ya kawaida, akaelewa, akaacha. Alikuwa amekuja na kopo jingine la nta. Wegesa akamnong'oneza Scholastica kwamba kopo hilo akabidhiwe mzee alitunze, maana kwake ndiko salama kuliko kote. Kwa mara ya kwanza Scholastica alifikisha ujumbe kama ulivyo, kwa sababu hakuona pa kuukaangia. Mzee alilipokea akakohoa, na kile kikohozi kilikuwa kipya. Kisha akamwambia Felix, "Mura, kijana wangu, ukipata nafasi nitafutie na turubai."

Safari hii nta ilifika kwenye mizinga. Mtama ulipopiga masuke, mitatu ilikuwa na wenyewe.

Mwenyekiti alikuja jioni moja, jua likiwa bado linaonekana, amechelewa kama kawaida yake. Boma lote lilikuwa kwenye ukingo wa bonde, Wegesa huku, mzee kule, ghala katikati. Dume lile likashuka bila wasiwasi, likanyoosha mkonga, likasukuma waya. Mizinga ikayumba mstari mzima. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha Mwenyekiti akatikisa masikio. Akatikisa kichwa. Akapiga kelele moja nyembamba isiyolingana kabisa na cheo chake, akageuka, akarudi porini mkia umesimama, vumbi likimsindikiza. Agness alisema kikao kimeahirishwa. Kule upande wa pili wa ghala mtu alicheka mpaka akakohoa, na hicho kilikuwa kikohozi cha kweli.

Wegesa alivuna mtama wake mwenyewe, akajaza ghala.

Heshima haikubadilika. Kikohozi bado kinapigwa, na mkamwana bado anapotea nyuma ya ghala. Ila siku nyingine, hasa Scholastica akiwa gulioni, mzee husikika akiuambia ua mtupu kwamba yule mgeni wa nguo nyeupe amekuwa adimu, watu wazuri husahau watu. Basi Wegesa huvua bangili, akavaa buti. Mzee humwekea kigoda cha pili, akamweleza habari za ng'ombe, za ujana wake, za tembo wa zamani waliokuwa na adabu kuliko hawa, naye huinamisha wavu panapostahili, jasho likimtiririka mgongoni.

Wiki iliyopita mzee alimwambia mgeni siri moja. Alisema mkamwana wake ni mtu wa thamani, hana neno naye hata moja, isipokuwa tu mkono wake ni mzito kidogo kwenye chumvi.

Wavu haukuinama. Na kesho yake mboga ya mzee ililetwa mezani haina chumvi hata chembe, naye aliila yote, kimya, akiwa amevaa kofia.